Mashujaa Wana Siku Yao. Wafu wa Umatumbi Je?

Kila tarehe 25 Julai Jamhuri yetu huwakumbuka mashujaa wake. Gwaride huundwa, mkuki na ngao, sime, upinde na mshale huwekwa mnarani pamoja na mashada ya maua, masheikh na maaskofu huomba kwa zamu, kisha wakubwa huondoka kwa itifaki na wadogo kwa miguu. Sina ugomvi na siku hiyo. Vijana waliokufa katika vita vya Kagera, na wale waliolazwa Naliendele, Mtwara, baada ya kutoa roho zao kwa ajili ya ukombozi wa Msumbiji, wanastahili gwaride hilo na zaidi. Ugomvi wangu ni na neno “shujaa” lenyewe, na namna Bunge letu linavyojisitiri nyuma yake ili lisilazimike kutamka neno lingine.

Shujaa ni mtu aliyetenda. Alishika silaha, alikaidi amri, alipanda kitanzini bila kuomba radhi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, ni shujaa kwa kipimo hicho. Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, wanaotajwa kuwa ndio waliong'oa miche ya kwanza ya pamba kule Nandete mwishoni mwa Julai mwaka huohuo, ni mashujaa. Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895, miaka kumi kabla ya maji kugawiwa, naye ni shujaa, na mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga panamshuhudia mpaka leo. Sasa nionyesheni neno la kumwita mwanamke wa Kipatimu au Kibata ambaye mwaka 1906 hakutenda lolote. Hakunywa maji ya Kinjikitile, hakurusha mshale, hakubeba ujumbe. Alikuwa na ghala la mtama na watoto. Majeshi ya Gavana von Götzen yalipopita yaliteketeza ghala na shamba, naye akala mizizi mpaka mizizi ikaisha. Simjui jina lake. Katika gwaride la Julai hayupo, maana hakuna mkuki wa kumwekea.

Wenzangu wa lugha watanijibu kwamba neno lipo: wahanga. Nakubali kwamba lipo, lakini nalo lina kasoro yake. Mhanga katika Kiswahili chetu cha zamani ni sadaka, na mtu anayejitoa mhanga ni yule anayejitoa kwa hiari yake kwa ajili ya wengine. Tukimwita mama yule mhanga tunamvisha nia ambayo hakuwa nayo, na tunampunguzia lawama aliyemuua. Mtoto aliyekufa njaa Ungindo hakujitoa. Alitolewa. Msomaji anaweza kuona huu ni ubishi wa darasani, lakini Bunge ni chombo cha maneno: halina bunduki wala halina jembe. Likikosea neno limekosea kazi yake yote.

Na idadi je? Serikali ya Kijerumani ilikiri vifo 75,000 vya Waafrika. Marehemu Gilbert Gwassa, aliyeifanya vita hii kuwa kazi yake ya uzamivu, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tazama pengo lililo kati ya tarakimu hizo mbili: ni zaidi ya watu laki moja na nusu ambao hatuwezi hata kuafikiana kama walikufa. Serikali hiyohiyo ilipohesabu wafu wa upande wake haikukadiria. Iliandika Wazungu 15, na askari na wasaidizi wao wa Kiafrika 389. Kumi na watano, si “kama ishirini”. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss aliuawa na wapiganaji katika njia ya kutoka Kilwa kwenda Liwale, pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Waliuawa bila silaha mkononi, na ni haki kabisa kwamba majina yao matano yameandikwa na yanasomwa kanisani mpaka leo. Sitaki majina hayo yafutwe. Nataka kujua kwa nini katika njia ileile, katika mwaka uleule, kuna watu wanaohesabiwa kwa vidole na wengine wanaohesabiwa kwa pishi.

Bunge la Ujerumani la zama zile liliwajua wafu wa makoloni kwa njia moja tu: mstari katika bajeti. Desemba 1906 Reichstag ilivunjwa kwa sababu ya ugomvi juu ya fedha za ziada za vita vya Afrika Kusini-Magharibi, ambako Waherero na Wanama walikuwa wakiangamizwa. Waliobisha walibisha juu ya gharama na juu ya kashfa. Wachache sana walibisha juu ya marehemu. Nataja hayo kwa sababu naona mbunge wa kwetu, miaka zaidi ya mia moja baadaye, akiingia kwa mlango uleule wa hesabu.

Februari 2017 Waziri wa Ulinzi wa wakati ule, Dk. Hussein Mwinyi, aliliambia Bunge kwamba Serikali ilikuwa inatafakari kudai fidia kutoka Ujerumani kwa ajili ya watu waliouawa katika Vita vya Maji Maji. Magazeti ya dunia yaliichukua habari hiyo, na kwa siku kadhaa tukajiona tumesimama. Mimi nilijiuliza swali la mwanasheria wa kijijini: unamdai mtu fidia ya marehemu ambaye wewe mwenyewe hujamwandika katika daftari lako? Mwanafunzi akiniuliza ni azimio gani la Bunge la Jamhuri ya Muungano linalowataja wafu wa njaa ya Umatumbi, Ungindo na Umwera, ni sheria gani iliyowapa siku, ni kifungu gani kinachomtaka waziri yeyote kutunza orodha yao, sina karatasi ya kumwonyesha. Nina majibu ya mawaziri. Jibu la waziri hufa jioni ileile.

Lakini mjusi wa Tendaguru ana bahati. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 katika kilima kilicho ndani ya Mkoa wa Lindi, ikabebwa vichwani mpaka bandarini, na leo imesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Suala lake limeulizwa bungeni zaidi ya mara moja: arudi, asirudi, watalii wanalipa kiasi gani, Lindi inapata nini. Ni maswali halali. Ila wachimbaji na wapagazi waliombeba mjusi yule, mamia kwa mamia, walikuwa watu wa nchi ambayo miaka michache tu kabla ilikuwa imechomwa na kufishwa njaa. Tumeulizia mifupa ya mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita kuliko mifupa ya wajomba wa waliomchimba. Na mifupa ya watu nayo iko hukohuko: katika mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki yaliyochunguzwa na taasisi ya makumbusho ya Berlin, takriban 200 yanahusishwa na Tanzania, kutoka sehemu mbalimbali za nchi.

Nitaambiwa kwamba Ujerumani imekwisha kuomba radhi. Ni kweli kwamba tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea, akainama mbele ya kaburi la Wangoni walionyongwa mwaka 1906 na akaomba msamaha. Niliisikiliza hotuba ile na sikuiona ya kinafiki. Lakini rais wa Ujerumani hana mamlaka juu ya bajeti wala sheria, na Bunge lake, Bundestag, ndilo lenye mamlaka hayo. Bunge hilohilo, tarehe 2 Juni 2016, lilipitisha azimio lililoyaita mauaji ya Waarmenia kuwa ni mauaji ya kimbari, yaliyotendwa na dola nyingine kabisa, na likataja humo dhima ya Ujerumani kama mshirika wa dola hiyo. Bunge linaloweza kutamka juu ya dhambi ya Waturuki linaweza kutamka juu ya dhambi ya Gavana wake mwenyewe. Kwa nini liharakishe, hata hivyo, ikiwa Bunge la nchi iliyofiwa limenyamaza?

Jingine katika ziara ile ni mahali. Songea ina kaburi, ina makumbusho, ina majina ya manduna walionyongwa, ina kumbukumbu kila Februari. Wangoni walikuwa na dola. Dola huacha majina. Umatumbi haukuwa na mfalme. Vita ilianzia kwao, wakaanza kufa mapema kuliko wote, na kwa kuwa hapakuwa na nkosi wa kunyongwa mbele ya umati, historia rasmi imewaweka katika aya ya kwanza na kuwasahau katika zilizobaki. Wangindo wana msiba juu ya msiba: waliosalimika na njaa, wajukuu wao walihamishwa na serikali ya Kiingereza katika miaka ya 1940, na nchi yao ikamezwa na pori la Selous. Huwezi kuweka shada juu ya kaburi lililo ndani ya pori la tembo. (Kwa upande wa mawe tuko macho zaidi: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, na Mungu ayalinde.)

Sidai kwamba majirani wametupita katika kila kitu. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague alisimama katika Bunge la Uingereza na kutangaza kwamba Serikali yake inajutia mateso yaliyotendwa Kenya wakati wa Mau Mau, na kwamba Wakenya 5,228 watalipwa jumla ya pauni milioni 19.9. Yalikuwa majuto, si ombi la msamaha, na yalikuja baada ya wazee kwenda mahakamani, si baada ya wabunge kuguswa. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliliomba taifa radhi akiwa mbele ya Bunge la Kenya kwa maovu yaliyotendwa na tawala zote zilizopita, na akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Wabunge walishangilia. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokuwa imekabidhiwa tangu 2013, yenye habari za Wagalla na za mauaji mengine mengi, ilibaki bila kupitishwa na Bunge hilohilo. Huo ndio ugonjwa ninaousema. Wabunge hupenda kuwapo maneno makubwa yanapotamkwa. Kuyapigia kura ni shughuli nyingine.

Namibia nayo inatufundisha jambo la pili. Mwaka 2021 serikali mbili zilikubaliana tamko la pamoja na euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, na viongozi wengi wa Waherero na Wanama wakalikataa kwa hoja nyepesi kuelewa: mmezungumza juu ya wafu wetu bila sisi. Dodoma ikifunga mkataba na Berlin juu ya Maji Maji bila Nandete kuwa chumbani, itavuna hayohayo.

Sasa nifike mahali ambapo msomaji amekuwa akinisubiri, maana hakuna Mtanzania anayeweza kuandika juu ya Bunge na wafu leo akajifanya anazungumzia 1905 peke yake. Tarehe 14 Novemba 2025 Rais alilihutubia Bunge jipya Dodoma, akatoa pole kwa familia zilizofiwa katika vurugu za uchaguzi wa 29 Oktoba, na akatangaza kuundwa kwa tume ya uchunguzi. Pole ni jambo la kiungwana na sitaidharau. Lakini pole ilitoka kwa Rais, na tume ni ya Rais. Bunge, ambalo linakaa kwa niaba ya waliofiwa, lilikuwa ukumbi. Mbunge mmoja akifariki, Spika hutangaza msiba na kikao huahirishwa. Jina lake husomwa kamili na cheo chake na jimbo lake, na taarifa rasmi za Bunge huandika. Nani atawasomea jina hawa wa Oktoba? Idadi yao imeanza kubishaniwa wakati makaburi bado mabichi, vilevile kama ilivyobishaniwa ile ya 1907, na tofauti ni kwamba mama zao wangali hai na wanajua majina. Katika miaka 120 hatuna kisingizio kingine kipya.

Hapa atainuka mtu aseme kwamba kutaja wafu ni kufufua chuki. Hoja hii ina sura nzuri, na kwa pwani yetu ina uzito fulani, kwa hiyo nisiipite mbio. Maakida waliosimamia mashamba ya pamba na kukusanya kodi ya vichwa walikuwa wengi wao watu wa mwambao. Askari waliochoma maghala walikuwa Waafrika kwa idadi kubwa kuliko Wajerumani. Miji ya Kilwa na Lindi haikuinuka pamoja na bara lake. Wenye nyumba za mawe walikaa kimya, na wengine walifaidi. Kilwa Kivinje ilikuwa imenenepa kwa biashara ya watumwa kabla Mjerumani hajatia nanga. Mtu atakayeandika azimio la kweli itambidi ayaandike hayo, na nashuku kwamba hii ndiyo sababu hasa ya ukimya, kuliko hofu ya kuiudhi Ujerumani. Mashujaa ni rahisi: wako upande mmoja, adui yuko ng'ambo. Wafu wa njaa wanauliza nani alimwonyesha askari njia ya ghala. Mimi naona Waswahili wa Kilwa wa leo wana akili za kutosha kulisikia swali hilo bila kukunjiana ngumi. Babu zao walilisikia. Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, alitunga utenzi mzima juu ya vita hii, nao ulichapishwa 1957. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa mwambao huuhuu, aliweka shaka na majuto jukwaani katika Kinjeketile, na watoto wetu wanaisoma tamthilia hiyo shuleni bila kuchinjana. Mshairi na mwandishi wa tamthilia walifanya kazi ambayo taarifa rasmi za Bunge zilipaswa kuifanya.

Wala si kweli kwamba hakuna pa kuanzia. Kati ya 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya mradi ulioongozwa na John Iliffe, walizunguka vijijini wakakusanya simulizi za wazee walioishuhudia vita. Karatasi zile zina majina ya vijiji na ya ukoo. Misikiti na makanisa yana kumbukumbu zao. Zipo nyaraka za Kijerumani Dar es Salaam na Berlin. Kinachokosekana ni amri ya kisheria inayomfanya mtu fulani, mwenye ofisi na mshahara, awajibike kuunganisha hayo.

Ninachotaka kwa Bunge ni kidogo na ni kigumu. Hoja binafsi, iletwe na mbunge yeyote, lakini ingependeza zaidi itoke Kilwa Kaskazini, Kilwa Kusini, Liwale, Mchinga au Mtama. Iwataje kwa neno “waliouawa”, si “mashujaa” wala “wahanga”, na iseme waziwazi kwamba njaa ile ilitengenezwa. Itaje vijiji kwa majina. Itaje maakida na askari, bila kuwaficha na bila kuwafanya kisingizio. Iagize orodha ifunguliwe, na orodha hiyo iwasilishwe bungeni kila mwaka hata kama imeongezeka jina moja tu. Iweke siku Nandete, si Dodoma, ambayo wabunge watakwenda wao badala ya kuwaita wazee waje kwa basi. Na kwa kuwa Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa, hoja itamke kwamba mkataba wowote wa aina hiyo na Ujerumani juu ya vita hii hautaridhiwa kabla wawakilishi wa Umatumbi, Ungindo na Umwera hawajasikilizwa na kamati. Utaratibu huohuo, wa orodha kuwasilishwa mezani, utumike kwa wafu wa Oktoba 2025, mara tu mtu mmoja mle ndani atakapopata ujasiri wa kuuomba.

Fidia ije baadaye au isije. Mimi si mpinzani wake, ila sitaki iwe ndiyo sala ya kwanza.

Mkutano wa bajeti huanza Aprili. Rasimu ya hoja nimekwisha kuiandika, kurasa mbili, kwa Kiswahili cha Bunge. Mbunge anayeihitaji aniandikie nitamtumia siku hiyohiyo, na jina langu si lazima lionekane popote.